Dawa ya Mtetemeko na Safari Yake Hadi Pwani ya Cabo Delgado

Bismillahir Rahmanir Rahim



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, makala yetu ya historia safari hii inahusu ugonjwa ambao katika nyumba nyingi za pwani hauna hata jina. Huitwa uzee. Wataalamu wanauita ugonjwa wa Parkinson. Tunataka kuangalia jambo moja tu: dawa yake ilitoka wapi, bei yake ilishuka vipi, na kwa nini dawa ambayo dunia imeimiliki kwa zaidi ya miaka 50 bado ni ghali, au haionekani kabisa, kwa familia iliyopo Palma, Mocímboa da Praia, Ibo au Quissanga.

Tunaandika haya kwa sababu wapo wazee wetu wanaokaa pembeni ya ukuta wakisubiri kifo, na hali dawa ya kuwarudisha msikitini kwa miguu yao ipo. Lililokosekana ni mtu wa kuwaeleza, na njia ya dawa hiyo kuwafikia.

UGONJWA WENYE MAJINA MENGI

Dalili zake wengi wetu tumeziona bila kuzitambua. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, na ukiutumia mtetemeko hupungua. Hatua huwa fupi, za kuburura. Uso hukosa tabasamu hata kama moyo umefurahi. Sauti hushuka na mwandiko huwa mdogo. Katika swala dalili huonekana mapema: vidole hutetemeka juu ya paja wakati wa tashahhud, na kuinuka kutoka sijda kunakuwa kazi ya kusaidiwa.

Wanavyuoni wetu wa tiba waliujua mtetemeko. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliujadili katika kitabu chake cha al-Qanun kwa jina la ra'sha. Lakini aliyeueleza ugonjwa huu peke yake, ukitengwa na mitetemeko mingine, ni daktari wa London aliyeitwa James Parkinson, katika kijitabu alichokitoa mwaka 1817. Miaka mingi baadaye daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliupa ugonjwa jina lake.

Kwetu Afrika Mashariki majina ni mengine. Wapo wanaosema ni jini, wapo wanaosema amerogwa. Huko Buganda kuna imani ya buko, kwamba mtetemeko humpata mtu aliyevunja mwiko wa heshima baina ya wakwe. Ndiyo maana shirika la huko linalowahudumia wagonjwa liliitwa Parkinson's Si Buko, yaani Parkinson si buko. Jina hilo peke yake ni somo. Mtu akiamini kuwa amelaaniwa haendi hospitali, na fedha ambazo zingenunua dawa ya mwaka mzima humalizikia kwa waganga.

Je, ni wangapi walio hivyo? Kwa upande wa Cabo Delgado hatuna hesabu ya kuwapa, lakini tunao ushahidi wa jirani zetu. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wakiwemo madaktari Catherine Dotchin na Richard Walker walifanya kazi ya nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu 161,071, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33. Katika kila wagonjwa wanne, watatu walikuwa hawajawahi kuambiwa kuwa wana ugonjwa huu. Walikuwa wakiugua majumbani mwao, bila jina na bila kidonge. Na hiyo ni wilaya yenye barabara na hospitali. Msomaji apime mwenyewe hali ya vijiji vya mdomo wa Ruvuma.

DAWA ILIVYOPATIKANA

Ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini, inayosaidia mwili kuanza mwendo na kuuongoza. Mwaka 1957 mtaalamu wa Sweden, Arvid Carlsson, aliwapa sungura dawa iliyowafanya wasiweze kutikisika, kisha akawadunga kemikali iitwayo levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Sungura wakasimama. Kwa kazi yake kuhusu dopamini alipata tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Mwaka 1960 huko Vienna, Oleh Hornykiewicz na mwenzake walipima ubongo wa watu waliofariki na Parkinson wakakuta dopamini imepungua mno. Mwaka uliofuata, yeye na daktari Walther Birkmayer waliwadunga wagonjwa levodopa. Watu waliokuwa hawawezi kujigeuza kitandani waliinuka na kutembea, ingawa kwa saa chache tu. Mwaka 1967 George Cotzias huko Marekani alionyesha kwamba dawa ikimezwa kwa kiwango kikubwa kinachopandishwa pole pole, nafuu inadumu. Mwaka 1970 Marekani ikairuhusu rasmi.

Tuseme wazi kwamba levodopa haiondoi ugonjwa. Inarudisha kile kilichopungua, na athari yake huisha baada ya saa chache. Kwa hiyo mgonjwa huihitaji kila siku, mara tatu au zaidi, kwa maisha yake yote. Hapo ndipo suala la bei linapouma. Bei ya dawa ya malaria familia huibeba mara moja. Hii huibeba kila mwezi mpaka mwisho.

BEI ILIVYOSHUKA KIWANDANI

Mwanzoni levodopa ilikuwa ghali kuitengeneza. Molekuli hii ina pande mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na ni upande mmoja tu unaofaa. Njia za zamani zilitoa pande zote mbili kwa pamoja, na ilibidi kuzitenganisha kwa gharama kubwa. Mwaka 1968 William Knowles, mkemia wa kampuni ya Monsanto, aligundua njia ya kutengeneza ule upande unaotakiwa. Kampuni ikaitumia njia hiyo katika miaka ya 1970 kutengeneza levodopa kwa wingi, na mwaka 2001 Knowles akawa mmoja wa waliopewa tuzo ya Nobel ya kemia.

Hatua ya pili ilikuwa kuichanganya. Levodopa ikimezwa peke yake, sehemu kubwa hugeuzwa kuwa dopamini kabla ya kufika kwenye ubongo, ikaleta kichefuchefu na ikapotea bure. Wataalamu wakaongeza kitu cha kuizuia isigeuke njiani. Katika Sinemet kizuizi hicho ni carbidopa, na katika Madopar ni benserazide. Kwa carbidopa, kiasi cha levodopa kinachohitajika hupungua kwa takriban asilimia 75. Kidonge kidogo kikawa kinafanya kazi ya vingi.

Hatua ya tatu ni kumalizika kwa haki miliki. Dawa mpya hulindwa na sheria ili kampuni iliyoigundua iiuze peke yake kwa miaka kadhaa. Miaka hiyo kwa levodopa na carbidopa imekwisha zamani. Leo viwanda vingi, vikiwemo vya India, hutengeneza dawa hiyo hiyo kwa jina lake la asili. Hizi ndizo dawa za jeneriki: kiini ni kile kile, boksi na jina la biashara ndivyo vinavyotofautiana.

Shirika la Afya Duniani limeiweka levodopa pamoja na carbidopa katika orodha yake ya dawa muhimu, yaani dawa ambazo kila nchi inatakiwa kuwa nazo wakati wote kwa bei ambayo watu wanaiweza. Kwa ufupi, kiwandani kazi ilishafanyika. Tuangalie sasa kilichotokea baada ya kiwanda.

MSUMBIJI ILIPOAMUA KUNUNUA KWA JINA LA ASILI

Pwani hii iliwahi kutawaliwa na kampuni. Kuanzia miaka ya 1890 hadi 1929, Cabo Delgado na Niassa zilikuwa chini ya Companhia do Nyassa, kampuni iliyopewa nchi ili ikusanye kodi na nguvu kazi. Hata baada yake, huduma za afya za Wareno zilikaa mijini na kwa ajili ya wachache. Mvuvi wa Quionga akiugua alikuwa na mitishamba, na jamaa zake wa ng'ambo ya Ruvuma.

Tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vilianza Chai, ndani ya Cabo Delgado. FRELIMO ilikuwa na hospitali yake Mtwara, ikiitwa Américo Boavida, na upande wa Msumbiji ilianzisha huduma za msingi katika maeneo iliyoyakomboa. Dawa zilikuwa chache na zilibebwa kichwani porini. Katika hali hiyo mtu hujifunza haraka kuwa dawa kumi zinazohitajika kweli ni bora kuliko majina mia ya kibiashara. Tukumbuke pia kwamba Samora Machel, rais wa kwanza wa nchi huru, alikuwa muuguzi kwa taaluma, na Hélder Martins, waziri wa kwanza wa afya, ni daktari aliyefanya kazi katika huduma za afya za FRELIMO wakati wa vita.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, huduma za afya zilitaifishwa mwezi Julai mwaka huo huo. Kisha yakafuata mambo matatu ambayo wanafunzi wa historia wanapaswa kuyajua. Kwanza, iliundwa kamati ya wataalamu wa tiba na dawa, ikachagua dawa ambazo nchi inazihitaji, na mwaka 1977 ukatolewa mwongozo wa taifa wa dawa. Pili, madaktari walitakiwa kuandika dawa kwa jina la asili badala ya jina la kampuni. Tatu, ununuzi ulifanywa na shirika la taifa liitwalo MEDIMOC kwa kutangaza zabuni za kimataifa, ili anayeuza kwa bei nafuu ndiye apate kazi.

Mwaka huo huo wa 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu. Msumbiji, nchi changa na maskini, haikusubiri kufundishwa. Ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuonyesha kwamba bei hushuka pale wanunuzi wanapokuwa kitu kimoja na wanapojua wanachokitaka. Mnunuzi mmoja mmoja hulipa anachoambiwa. Nchi nzima ikinunua kwa pamoja, hukaa mezani na muuzaji.

BEI ILIPOPANDA TENA

Mambo hayakudumu hivyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliendelea hadi mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, na katika vita hivyo zahanati na vituo vya afya vilichomwa, na wahudumu wakakimbia au wakauawa. Mwaka 1987 nchi iliingia katika mpango wa kurekebisha uchumi chini ya masharti ya wakopeshaji, na michango ya wagonjwa ikaongezwa. Mwishoni mwa mwaka 1991 sheria iliruhusu tena tiba ya binafsi. Maduka ya dawa ya binafsi yakarudi, na majina ya biashara yakarudi pamoja nayo.

Tangu hapo zimekuwepo njia mbili. Ya kwanza ni duka la dawa la hospitali ya serikali, linalopata dawa kutoka bohari kuu iitwayo CMAM. Huko, kwa miaka mingi, mgonjwa alilipa metikali 5 tu kwa cheti cha daktari, fedha ambayo kwa thamani ya leo haifiki senti 10 za dola. (Kwa faida ya wanafunzi: jina metikali linatokana na mithqali, kipimo kile kile cha dhahabu tunachokisoma katika hesabu za zaka, ambacho wafanyabiashara wa pwani walikitumia karne nyingi kabla ya Msumbiji kuwa na fedha yake.) Njia ya pili ni duka la binafsi, ambako bei ni nyingine kabisa.

Utafiti mmoja kuhusu bei za dawa mjini Maputo, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba nyongeza zinazowekwa ndani ya nchi, yaani faida za waagizaji na wauzaji na gharama nyinginezo, zilifikia hadi theluthi mbili ya bei ya mwisho katika maduka ya binafsi. Kwa lugha nyepesi, katika metikali 300 anazolipa mgonjwa, hadi 200 zinaweza kuwa zimeingia baada ya dawa kufika nchini. Mwaka 2017 ilitungwa sheria mpya ya dawa iliyounda mamlaka ya taifa ya udhibiti, ANARME. Ni hatua njema, lakini mamlaka iliyopo Maputo ina safari ndefu hadi dirisha la duka la Mueda.

Basi ndugu zetu, tatizo la familia ni hili: dawa ya bei nafuu ipo kwenye dirisha la serikali, lakini mara nyingi imekwisha au haijaagizwa kwa sababu hakuna aliyeandikwa kuwa mgonjwa. Na iliyopo dukani ina bei isiyobebeka. Hali hii si ya Msumbiji peke yake. Uchunguzi wa maduka ya dawa nchini Kenya uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba katika maduka mengi dawa za Parkinson hazikuwepo. Tanzania nayo, kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza, lakini msamaha wa malipo haumsaidii mzee ikiwa rafu ya dawa ni tupu.

GHARAMA YA BARABARA

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado ipo gharama nyingine isiyoandikwa kwenye boksi, nayo ni njia. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa, na vita vikaanza ambavyo vimewafukuza mamia kwa maelfu ya watu kutoka makwao. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyo hiyo. Mwezi Agosti 2020 Mocímboa ilitekwa, na ilikaa mikononi mwa waasi mwaka mzima mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoirudisha Agosti 2021. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Vituo vya afya vilichomwa au vikaachwa bila wahudumu, na watu walikimbia kwa mashua hadi Pemba, wengine kwa miguu hadi Mueda na hadi mpaka wa Tanzania.

Hebu tufikirie mgonjwa wa Parkinson katika hali hiyo. Ni mtu asiyeweza kukimbia. Akikosa kidonge asubuhi, mchana hawezi kupanda mashua. Zaidi ya hapo, kuacha levodopa ghafla ni hatari yenyewe: mwili unaweza kukakamaa, homa ikapanda, na mtu akafa. Kwa hiyo kufungwa kwa barabara kwa wiki mbili, ambako kwa mtu mzima wa afya ni usumbufu, kwa mzee huyu ni hukumu.

Na hata njia ikiwa wazi, madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache mno nchini, na wengi wao wapo Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Pemba. Nauli ya kwenda na kurudi, malazi, na siku za kazi za kijana anayemsindikiza zinaizidi bei ya vidonge vya miezi mingi. Familia inayohesabu bei ya dawa bila kuhesabu nauli haijahesabu.

UPUPU: CHAKULA, DAWA NA HATARI

Hapa tuseme juu ya mmea ambao kila mtoto wa pwani anaujua kwa kuwasha. Mbegu za upupu zina levodopa ya asili, takriban asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake. Wanasayansi wa India waliitambua ndani yake mwaka 1937. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika Bolivia kwa wagonjwa 18, ukaonyesha kuwa unga wa mbegu za upupu zilizokaangwa unaweza kuleta nafuu inayofanana na ya vidonge. Baadhi ya watafiti wanauona kama tumaini kwa maskini.

Lakini kaskazini mwa Msumbiji tunayo historia yake nyingine. Mbegu hizi ni chakula cha njaa, na akina mama wanajua kwamba lazima zichemshwe tena na tena na maji kumwagwa kila mara. Mwaka 1989, wakati wa vita na ukame, maji yalikuwa adimu na watu hawakuweza kuyamwaga. Zaidi ya watu 200 walipatwa na wazimu wa ghafla, na taarifa yake ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1990. Kitu kile kile kinachomwinua mgonjwa, kikizidi, huvuruga akili. Kwa hiyo tunawanasihi wasomaji wasimtengenezee mzee unga wa upupu nyumbani kwa kukisia. Kipimo cha kidonge kinajulikana, cha kiganja cha mbegu hakijulikani.

MAMBO AMBAYO FAMILIA INAWEZA KUYAFANYA

Historia tuliyoisimulia inatupa mafunzo ya vitendo. Tunayaweka kwa mpangilio ili yaweze kusomwa nyumbani.

1. Hakikisheni kwanza kama ni Parkinson. Zipo dawa zinazosababisha mtetemeko na ugumu wa viungo unaofanana nayo kabisa, kama vile haloperidol inayotolewa kwa magonjwa ya akili, na metoclopramide ya kuzuia kutapika. Chukueni dawa zote anazotumia mzee, mziweke kwenye mfuko mmoja, mumwonyeshe mganga wa hospitali. Ikiwa chanzo ni dawa hizo, tiba inaweza kuwa ni kupunguziwa au kubadilishiwa na mganga, na hilo halina bei. Msiziache wenyewe bila kumuuliza.

2. Ombeni cheti kiandikwe kwa jina la asili: levodopa na carbidopa. Jina la biashara humfunga mnunuzi kwa boksi moja. Jina la asili humruhusu muuzaji kumpa iliyopo na iliyo nafuu. Hii ndiyo ile kanuni ya Msumbiji ya miaka ya 1970, na inafanya kazi hata kwa mtu mmoja dirishani.

3. Anzeni kwenye dirisha la serikali kabla ya duka la binafsi. Kama dawa haipo, ombeni jina la mgonjwa liandikwe na mahitaji yapelekwe juu. Bohari huagiza kwa hesabu, na mgonjwa asiyeandikwa hahesabiwi. Ulizeni pia kwenye kitengo cha afya ya akili, kwa kuwa wahudumu wake ndio wanaoshughulika na maradhi ya ubongo mahali pasipo na bingwa.

4. Msidhani kuwa dawa mpya yenye bei kubwa ndiyo bora. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 1,620, uliochapishwa mwaka 2014, ulilinganisha levodopa na dawa mpya zaidi kwa wagonjwa wanaoanza tiba. Walioanza na levodopa walikuwa na mwendo mzuri zaidi kidogo, na tofauti hiyo ilidumu kwa miaka. Dawa kongwe, iliyo nafuu, haikushindwa.

5. Msiicheleweshe dawa kwa nia ya kuiweka akiba. Wengi huambiwa kwamba ikianzwa mapema itaisha nguvu. Utafiti uliowalinganisha wagonjwa wa Ghana, waliochelewa kupata dawa kwa sababu ya umaskini, na wagonjwa wa Italia, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa matatizo ya mwendo yanayokuja baadaye yanafungamana na umri wa ugonjwa na ukubwa wa kipimo, wala si muda ambao mtu ametumia dawa. Miaka ya kusubiri ni miaka iliyopotea bure.

6. Kila kidonge kifanye kazi yake. Levodopa hugombana na protini tumboni. Mlo wa samaki, nyama au kunde ukiliwa pamoja na kidonge hupunguza nguvu yake. Mpeni kidonge nusu saa hivi kabla ya kula. Mazoezi ya kila siku, kutembea, kunyoosha viungo, kusoma Qur'an kwa sauti ili koo lisilegee, hayo ni tiba yasiyo na risiti.

7. Unganeni. Familia tatu za mji mmoja zenye wagonjwa zikiagiza pamoja dawa ya miezi mitatu kwa msafiri mmoja mwaminifu, kutoka duka lenye leseni Pemba, Nampula au Mtwara, zinagawana nauli moja, na njia ikifungwa kila nyumba ina akiba. Kila mmoja awe na cheti chake. Vidonge vya sokoni visivyo na boksi wala tarehe msivinunue, hata kwa nusu bei.

KUHUSU MWEZI WA RAMADHANI

Wazee wetu wengi huona haya kula mchana, na wapo wanaoficha vidonge chini ya mkeka ili wafunge. Tumeshaeleza kuwa dawa hii hutumika mara kadhaa kwa siku na kwamba kuiacha ghafla kuna hatari. Allah Subhanahu wa Ta'ala ametoa ruhusa kwa mgonjwa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na wanavyuoni wameeleza hukumu ya fidya kwa mwenye ugonjwa usiotarajiwa kuondoka. Mzee asiachwe peke yake na hukumu hii. Mwanawe akae naye pamoja na sheikh wa mtaa na mganga, kabla ya Shaaban kumalizika, ili aingie Ramadhani moyo wake ukiwa umetulia.

MWISHO

Ndugu wasomaji, tumeona kwamba bei ya kidonge hiki ilishushwa mara kadhaa, na kila mara ilishushwa na watu waliokaa pamoja: wakemia waliotafuta njia fupi, nchi iliyochagua majina ya dawa zake, wanunuzi waliokwenda sokoni kwa sauti moja. Na kila ilipopanda, ilipanda pale mgonjwa alipoachwa asimame peke yake mbele ya dirisha.

Misikiti ya pwani imejengwa kwa mchango wa mmoja mmoja, na maiti zetu huzikwa kwa mchango huo huo. Tunawaomba wanakamati wa misikiti na wanafunzi wetu wafanye jambo dogo mwezi huu: waulize, nyumba kwa nyumba, ni mzee yupi ambaye zamani alikuwa akisimama safu ya mbele na sasa haonekani, kisha waulize sababu. Huenda ikawa ni uzee. Huenda ikawa ni ugonjwa wenye jina na wenye dawa, na kilichobaki ni nauli tu.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na airudishe amani Cabo Delgado. Amin.

Wabillahi tawfiq.